Rasimu ya kanuni imetoka, muuguzi naye aandike?

*Shikamoo, bibi. Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu. Wizara imetoa rasimu ya kanuni za upandikizaji wa viungo na inaomba maoni. Daktari wetu anasema hayo ni ya wanasheria. Niandike au ninyamaze?*
*– Muuguzi wa zamu ya usiku*

Marahaba, mwanangu. Andika, na huyo daktari wako naye aandike. Marekani kuna hesabu ya kukadiria kazi ya figo ambayo kwa miaka mingi ilimwongezea namba mgonjwa Mweusi. Figo zake zikaonekana nzima kuliko zilivyo, naye akachelewa kuingia kwenye foleni ya kupandikizwa. Waliopiga kelele walikuwemo madaktari na hata wanafunzi wa udaktari. Mwaka 2022 mtandao wa taifa wa upandikizaji ulikubali kuiondoa, na 2023 hospitali zikatakiwa kuwarudishia walioathirika muda wao.

Mimi mara ya kwanza niliandika kurasa nne za uchungu. Kimya. Mara ya pili nikashika kifungu kimoja: mtoaji figo aliye hai ahojiwe peke yake, "inapowezekana". Nikaeleza nilichokiona. Kijana amekuja kumpa kaka yake figo, mjomba amekaa kando anamjibia kila swali. Mjomba alipotoka kupokea simu, kijana akaninong'oneza: "Nikikataa, nitarudi nyumbani kwa nani?" (Ndugu waliambiwa tu kwamba hafai kutoa, yakaisha.) Nikaomba "inapowezekana" ifutwe, iwekwe "lazima", nikakumbusha kwamba miongozo ya WHO ya 2010 inataka mtoaji asishurutishwe. Lilibadilishwa neno hilo moja.

Kwa hiyo usiisome rasimu yote kama mtihani. Tafuta vifungu vinavyogusa mikono yako: ridhaa, foleni, ufuatiliaji wa mtoaji baada ya upasuaji, ambao wengi huusahau. Andika namba ya kifungu, maneno unayotaka yawekwe, na sababu. Jina la mgonjwa usilitaje, wala chochote kitakachomtambulisha. Ukitaka kusema kwa niaba ya kitengo, omba ruhusa kwanza. Vinginevyo andika kwa jina lako au pitia chama cha taaluma yenu.

Ila ukishuhudia figo inauzwa, usingoje rasimu. Hilo ni la kuripoti siku hiyohiyo.

Na tarehe ya mwisho iangalie leo. Moja ilinipita nikiwa zamu.