Masada alfajiri, Bahari ya Chumvi mchana: majibu ya maswali yenu

Vikundi vya hija vinavyokwenda Israeli kutoka Kenya na Tanzania mara nyingi hutengewa siku moja ya jangwani: kupanda jabali la Masada, kisha kuingia Bahari ya Chumvi, ambayo kwa kweli ni ziwa. Maswali haya yanahusu siku hiyo.

Nina miaka 58 na goti la kulia linasumbua. Nitaiweza Njia ya Nyoka? (Mama, Moshi)

Kupanda utaweza, mama, ukienda polepole. Kitakachokuumiza ni kushuka. Njia ya Nyoka, ile ya miguu ya kupandia Masada, iko upande wa mashariki. Ina urefu wa kilomita 2 hivi na inapanda kiasi cha mita 350, kwa kona nyingi za changarawe na mamia ya ngazi zisizolingana kimo. Mwenye pumzi hutumia dakika 45, wengine saa moja na nusu. Panda kwa miguu, ushuke kwa kigari cha kebo, ambacho kwa kawaida huanza saa mbili asubuhi.

Upande wa magharibi kuna tuta walilojenga Warumi, na hilo hupandwa kwa dakika 15 hadi 20. Lakini hufikiwa kutokea mji wa Arad, na chini ya jabali hakuna barabara ya gari inayounganisha pande mbili. Ukipandia magharibi na kushukia mashariki, basi lenu litazunguka mwendo wa saa nzima au zaidi kukufuata. Hapo ndipo vikundi hupotezana, kwa hiyo dereva aambiwe tangu jana yake.

Kiongozi wetu anataka tuamke saa nane usiku. Kuna haja gani? (Nakuru)

Ana sababu, hasa kama mnalala Yerusalemu. Lango la Njia ya Nyoka hufunguliwa saa moja hivi kabla ya jua kuchomoza: Juni ni kama saa kumi na nusu alfajiri, Desemba saa kumi na moja na nusu. Njia inatazama mashariki na haina kivuli, hivyo jua likichomoza juu ya milima ya Yordani huipiga moja kwa moja. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na siku kama hizo njia hufungwa mapema asubuhi. Novemba hadi Machi ni afadhali, ila mvua ikinyesha kwenye milima ya mbali, makorongo hufurika ghafla na barabara namba 90, inayopita kando ya Bahari ya Chumvi, yaweza kufungwa. Bebeni tochi za kichwani ili mikono ibaki huru.

Maji kiasi gani? (Kisumu)

Lita 3 kwa mtu, na anza kunywa usiku wa kuamkia safari. Unaweza kupanda na lita moja na nusu, kwa kuwa juu kuna mabomba ya maji ya kunywa. Chakula hakiuzwi huko. Hewa ya pale ni kavu mno, jasho hukauka kabla hujaliona, ndiyo maana watu hudhani hawatoki jasho na kuacha kunywa. Piga mafunda machache kila dakika 10, na ule karanga zenye chumvi au uchanganye pakiti ya ORS. Kichwa kikianza kugonga na mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, usiende ziwani mchana huo.

Tukiwa juu na saa moja na nusu tu, tuone nini? (Dodoma)

Anzeni na maji. Mfalme Herode, aliyejenga hapa katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alichongesha matangi 12 mwambani kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi. Kwa pamoja yalibeba kiasi cha mita za ujazo 40,000, yakijazwa na mafuriko ya makorongo yaleyale yanayofunga barabara leo. Bila hayo pasingekuwa na kasri wala mazingirwa. Kisha tazameni bafu lenye vinguzo vifupi vilivyoinua sakafu ili hewa ya moto ipite chini yake, na kasri la kaskazini la ngazi tatu (mwenye goti bovu aliangalie kwa juu). Mstari mweusi ukutani hutenga ujenzi wa kale, ulio chini yake, na ukarabati ulio juu. Mkiwa ukingoni, hesabuni chini kambi nane za jeshi la Kirumi la Flavius Silva, lililowazingira waasi wa Kiyahudi ngomeni mwaka 73 au 74. Habari ya waasi hao na jamaa zao, watu 960, kujiua tunaipata kwa Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo, peke yake, na wanaakiolojia bado wanaijadili. Mwambieni kiongozi aseme hivyo pia.

Sijui kuogelea. Ni kweli mtu hazami? (Mwanza)

Kuzama hadi chini ni vigumu, lakini kufa maji inawezekana, na hutokea. Maji yana chumvi takriban asilimia 34, kama mara kumi ya bahari ya kawaida. Huinua miguu na makalio yako kwa nguvu, kwa hiyo aliyelala kifudifudi hushindwa kujigeuza na uso hubaki majini. Ingia hadi magotini, chuchumaa, kaa kama kwenye kiti, kisha lala chali. Kutoka, vuta magoti kifuani na ukanyage chini taratibu. Usipige mbizi, usirushe maji. Aliyeyameza apelekwe hospitali hata kama anajiona mzima, kwa sababu magnesi na kalsi nyingi huvuruga mapigo ya moyo.

Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Usinyoe siku mbili kabla. Michubuko ya kupanda mlima itawaka, basi ipake mafuta ya mgando. Vaa viatu vya majini, vua pete za fedha, na mwenzako ashike chupa ya maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya macho.

Tunaweza kuingia popote tunapoona maji? (Mombasa)

Hapana. Ziwa linashuka kiasi cha mita moja kila mwaka. Maji ya ardhini yasiyo na chumvi huingia palipokuwa na maji ya chumvi, huyeyusha tabaka la chumvi lililozikwa, na juu ardhi hutitia ghafla. Ufukwe wa umma wa Ein Gedi ulifungwa kwa sababu hiyo. Nendeni Ein Bokek, kusini mwa Masada: ni bure, kuna waokoaji na bafu za kujisuuza.