Nina kilo 94, nijaze mwili mpaka 108 ndo niingie uzito wa juu?

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 23, urefu mita 1.89, na mwaka jana nilikuwa na kilo 94 nikipima asubuhi kabla sijala. Ngumi za ridhaa nimecheza mapambano 14 nikashinda 11, na mwakani nataka kuingia za kulipwa uzito wa juu. Kuna mtu anataka kunisimamia, anasema mwili wangu mdogo, nile sana na nibebe vyuma nifike 108 ndani ya miezi minne la sivyo wale wakubwa wataniumiza. Sasa nimefika 99 na naona ikifika raundi ya nne mikono inakuwa mizito siwezi hata kushika gadi, yaani kuinua mikono kulinda uso. Niendelee kujaza au nianzie kruza, ule uzito ulio chini kidogo ya uzito wa juu? Na inachukua muda gani mpaka mtu apewe raundi 12?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na hiyo mikono maana swali lako lote limekaa hapo.

Mikono yako haijapungua nguvu, inawezekana kabisa imeongezeka, tatizo ni kwamba nyama uliyojaza inadai hewa muda wote, hata ukiwa umesimama tu na gadi iko juu yenyewe inakula, na moyo na mapafu uliyonayo ni yale yale ya kilo 94, umeyatwisha kilo 5 kwa haraka bila kuyapa muda wa kuzoea. Tena mwili mkubwa unapata joto upesi na kulitoa ni kazi. Na vyuma navyo, kama mazoezi mengi ni ya mabega na kifua basi bega linakaa limekaza, na bega lililokaza linachoka kabla ngumi haijatoka. Kwahiyo huyo anayekwambia uongeze kilo 9 nyingine kwa miezi minne anakupeleka ulingoni ukiwa umechoka tayari, na bondia wa uzito wa juu aliyechoka ndo anaumizwa vibaya kuliko wote, kwasababu ngumi ya mtu wa kilo 110 inaanguka kwenye kichwa ambacho hakisogei tena.

Uzito wa juu unaanzia paundi 200, yaani kilo 90.7, ukishavuka hapo umeingia na juu hakuna kikomo. Hakuna mtu atakayekurudisha kwenye mizani eti una 94 wakati mwenzako ana 115. Ndo maana mi huwa nasema mizani ya uzito wa juu haikuulizi chochote, inabidi we mwenyewe ujiulize, kilo ngapi naweza kuzibeba dakika 36? Maana raundi 12 za dakika tatu tatu ndo hizo, dakika 36.

Kuna pambano moja nataka ulitafute uliangalie taratibu. Oktoba 1990, Evander Holyfield na Buster Douglas. Holyfield alitokea kruza, siku hiyo alikuwa na kilo 94 na ushee, yaani we kabisa wa mwaka jana, na Douglas alikuwa na kilo 111 hivi. Huyu Douglas ni yule yule aliyemwangusha Mike Tyson kule Tokyo Februari mwaka huo huo akiwa na kilo 105. Miezi minane tu ameongeza kilo 6. Sasa angalia raundi ya tatu, Douglas anatupa apakati, ile ngumi ya kutoka chini kwenda juu, ya mkono wa kulia kutoka mbali, miguu iko nyuma haijamfikisha, mkono umeondoka chini na kidevu kiko wazi, Holyfield anaegemea nyuma kidogo tu apakati ipite, alafu anarudi na kulia iliyonyooka, kwisha. Rudia hapo mara kumi, uangalie miguu ya Douglas usiangalie ngumi. Mwili ulikuwepo mkubwa sana, ila miguu haikuupeleka mahali pake. Kwenye uzito wa juu mapambano mengi yanaamuliwa hivo, aliyefika mahali pake kwanza ndo anapiga.

Sisemi ubaki 94 maisha yako yote. Oleksandr Usyk alimaliza mikanda yote ya kruza 2018, akapanda 2019, pambano la kwanza huku juu alikuwa na kilo 97 na nusu hivi, la pili 98, na alipokutana na Anthony Joshua Septemba 2021 alikuwa na kilo 100, Joshua 109. Umeona alivyopanda? Karibu miaka miwili, kilo tatu. Alafu Mei 2024 akampiga Tyson Fury ambaye alikuwa na kilo kama 119, na raundi ya tisa ndo alimpiga mfululizo mpaka mwamuzi akamhesabia Fury, yaani wakati ambao mtu mkubwa pumzi inaanza kumsaliti Usyk ndo kwanza anaongeza gia.

Na kinyume chake kipo. Juni 2019 Andy Ruiz alimpiga Joshua akiwa na kilo kama 121, Desemba wakarudiana, Ruiz amepanda mpaka 128 na Joshua ameshuka kutoka 112 hadi 107. Joshua alizunguka raundi 12 na jebu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, ndani nje ndani nje, akachukua mikanda yake kwa pointi na Ruiz hakumkamata.

Sasa we fanya nini. Simamisha kula kwa ajili ya kilo, kula kwa ajili ya mazoezi. Mi vijana wangu naongeza kilo mbili alafu nasimama wiki sita, naangalia kitu kimoja, mapigo ya moyo. Raundi inapoisha tu weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 15 zidisha mara nne, andika. Kaa kwenye stuli, dakika moja ikiisha hesabu tena, andika. Tofauti ya hizo namba mbili ndo pumzi yako inavyorudi. Ukiongeza kilo na ile tofauti ikabaki pale pale au ikakua, mwili umekubali. Ikipungua raundi baada ya raundi basi hizo kilo hazijawa zako bado, shuka. Kona naangalia pia mtu anavyokaa, akikaa mgongo umenyooka anapumua kwa pua huyo mzima, akikaa viwiko vimeanguka magotini na mdomo wazi najua kabla hajaniambia.

Kuhusu kruza, kwa kilo zako za asili mi ningekuanzishia huko, kushuka kutoka 94 mpaka 90.7 ni kazi ya kambi ya kawaida, huhitaji kujikausha. Najua pesa kubwa ziko juu na sikatai. Ila una miaka 23, na uzito wa juu ndo uzito unaosubiri watu: Usyk alikuwa na 34 alipompiga Joshua, George Foreman alirudisha ubingwa Novemba 1994 ana miaka 45. Muda unao mwingi kuliko huyo jamaa anavyokutisha.

Raundi 12 haina tarehe. Unaanza na nne, unaenda sita, nane, kumi, na kila hatua unataka upate angalau mara mbili tatu mtu aliyekataa kuanguka, akufikishe raundi ya mwisho. Joshua aliingia za kulipwa Oktoba 2013 na Aprili 2016 akachukua mkanda, pambano la 16. Deontay Wilder alianza ngumi na miaka 20, akashinda mapambano 32 yote kwa KO, yaani kumaliza kabla ya raundi kuisha zote, na hakuna lililovuka raundi ya nne, alafu Januari 2015 pambano la ubingwa likaenda zote 12 na akashinda kwa pointi. Leon Spinks alimpiga Muhammad Ali Februari 1978 kwenye pambano lake la nane tu, miezi saba baadae Ali akauchukua tena. Kwahiyo usiulize miaka mingapi, uliza nimeshacheza na watu wa aina gani: mrefu mwenye jebu, mashoto, yule anayekulalia shingoni kila ukikaribia. Huyo wa mwisho usimdharau, mtu wa kilo 115 akikuwekea mkono nyuma ya shingo na kukuachia uzito wake raundi nzima, miguu inaisha kabla hujapigwa ngumi ya maana. Mzunguke upande, usimsukume.

La mwisho na hili naomba sana ulisikie. Hesabu ngumi za kichwa za gym, sio za mapambano tu. Usiku wa pambano unakuja mara nne tano kwa mwaka, sparingi, ile ya kupigana mazoezini, iko kila wiki, na kwa uzito wenu hedigadi, ile kofia ya kukinga kichwa, inazuia kuchanika tu, ubongo unatikisika vile vile. Sparingi ngumu ibaki ya kambi, na ukiangushwa au ukapata kizunguzungu unapumzika mpaka daktari akuruhusu, hata kama unajisikia mzima. Vijana wazuri nimewaona wanaishia gym, hawajafika hata raundi ya nane kwenye rekodi.

Na huyo anayetaka kukusimamia, kabla hujasaini muulize asilimia yake na mkataba ni wa miaka mingapi. Kwa desturi ya mchezo huu kocha anachukua 10, meneja mpaka 33, na gharama za kambi nani anatoa iandikwe. Akikwepa swali usisaini.

Wiki hii nifanyie hivi: raundi sita za begi, dakika tatu na pumziko dakika moja, kwa hizo kilo 99 ulizonazo, andika mapigo yote 12 alafu nitumie pamoja na video ya raundi mbili za mwisho. Kamera ishushe chini, nataka kuona miguu.