Nani ashike spana?

Wiki iliyopita mliuliza: gari la familia likivuka miaka ishirini, uliuze au uendelee kulitengeneza? Swali hilo limenikuta na grisi kwenye kucha. Ninalo gari la namna hiyo, Prado ya 1998 yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, na imelea watoto wangu wote watatu. Ila naona mmeanza na swali la pili. La kwanza ni nani anashika spana.

Jibu langu kwa miaka mingi limekuwa moja: mwenye gari mwenyewe. Oili namwaga mwenyewe, filta nabadilisha mwenyewe, pedi za breki nazifunga mwenyewe Jumapili baada ya ibada, huku majirani wakinitania. Sikuanza hivyo kwa kupenda. Nimeshauziwa bushi zilizokuwa kwenye boksi jipya lenye nembo iliyochapwa kombo, na hazikumaliza miezi miwili. Nimeshakuta kwamba taa ya T-BELT, ambayo kwenye gari hizi za Japani huwaka kila kilomita 100,000 kukukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni zipishane, ilizimwa tu kwa ujanja, mkanda wenyewe hata haukuguswa. Mkanda ule ukikatika unajua kitakachotokea: valvu na pistoni zinakutana, na wewe unakutana na benki.

Lakini lililonikera zaidi ni themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Fundi mmoja, anakaa chini ya mwarobaini si mbali na kwangu, aliitoa akaitupa. Nilipouliza nikajibiwa lile ambalo kila mwenye gari nchi hii ameshaambiwa: "Bosi, hii ni ya nchi za baridi, huku joto letu linatosha." Si kweli. Bila themostati injini inachelewa kupata moto, dizeli haiungui vizuri, gari linakula mafuta na kutoa moshi. Kwa hiyo nikanunua mpya, imeandikwa nyuzi 82, nikaifunga mwenyewe Jumamosi moja, kwa silikoni nyingi na majivuno mengi zaidi.

Hiyo ilikuwa Disemba mwaka juzi. Wiki iliyofuata tukaondoka Dar kwenda Njombe: mimi, mama watoto, watoto watatu, na mama mkwe ambaye tulikuwa tunamrudisha kwake. Juu ya keria kulikuwa na magunia mawili na godoro. Kwa wasioifahamu injini ile, ina sentimita za ujazo 2,982 na turbo, inabeba ukoo mzima bila kulalamika, lakini hedi yake, kile kipande cha juu cha injini, ni ya alumini na haina msamaha. Ikichemka sawasawa mara moja tu inaweza kupasuka, na hapo unaanza kutafuta hedi nyingine.

Morogoro tulipita vizuri. Mikumi vizuri, watoto wakahesabu twiga. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Nikaingia Kitonga nikiwa nyuma ya lori la kontena linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na anayeijua Kitonga anajua kwamba pale hukipiti kitu. Kona ya tatu nikauona mshale wa joto umetoka katikati. Nikajiambia ni mlima. Kona ya nne ulikuwa umekaribia juu. Mama watoto akaniangalia, hakusema kitu, akazima redio.

Nikabana pembeni, kushoto, nikawasha hazadi. Lile lori la mbele nalo likasimama, utingo akaruka chini na jiwe la kuzuia tairi mkononi, na kabla sijamwomba alikuwa ameshakata matawi na kuyapanga barabarani nyuma yetu. Kijana wa miaka ishirini hivi, kandambili miguuni. Nikafungua boneti, nikashika kitambaa, nikaelekeza mkono kwenye mfuniko wa rejeta.

"Kiongozi, usiguse huo mfuniko!"

Nikarudisha mkono. Akaniambia nisizime injini ghafla, nizime kiyoyozi, niwashe hita mpaka mwisho. Hita, Kitonga, saa saba mchana. Ana hoja: hita ni kama rejeta ya pili, joto la injini linatolewa ndani ya gari. Ndani ya gari alikuwamo mama mkwe. Nikaomba radhi kama mtu aliyevunja sahani ukweni. Akashuka taratibu, akakaa kwenye jiwe chini ya mti, akafunua dumu la maji ya kunywa ya watoto akaliweka miguuni pangu. "Baba, gari limechoka?" akauliza. Nikasema halijachoka, mama, linapumzika tu.

Tulikaa karibu saa nzima. Injini ilipopoa utingo akafungua mfuniko kidogo kidogo, akamimina maji huku akiuminya mpira wa rejeta kwa mkono kama anayekamua ng'ombe, na mapovu yakatoka, makubwa, mengi. "Hewa," akasema. "Nani amefungua mfumo wa maji hapa?" Nikamwambia ni fundi. Ndivyo nilivyosema, mbele ya mkwe wangu na watoto wangu. Nikampa kijana hela ya soda, akapanda lori lake kuelekea Tunduma, nasi tukamalizia mlima hita ikiwaka, madirisha wazi, mama mkwe amejifunika kitenge kichwani jasho likimtoka. Ilula ndipo nilipothubutu kuizima.

Niliporudi Dar nilikwenda chini ya mwarobaini kugomba. Fundi aliniacha nimalize. Akaifungua themostati yangu, akanionyesha kile kipini kidogo cha kupitishia hewa ambacho kinatakiwa kikae juu. Nilikuwa nimekiweka chini. Wiki nzima hewa ilikuwa imenasa humo, na mjini haikusumbua kwa sababu kwenye foleni injini haina mzigo. Akaigeuza, akajaza kulanti, yale maji ya kupozea injini, akaiacha injini ingurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Akachomoa kijiti cha oili akaangalia kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia kwenye oili. Haikugeuka. Hedi imepona. Hakunitoza hata shilingi.

Halafu akasema jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, au nimejisahaulisha, na naliandika hapa kwa mara ya kwanza. Ile themostati ya zamani aliitoa kwa sababu ilikuwa imeganda ikiwa imefungwa. Aliniambia ninunue nyingine. Nikasema mwezi ujao. Lile neno la nchi za baridi alilisema, ndiyo, lakini alilisema baada ya mimi kuiulizia bei.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia wasomaji wenu wajifunze kushika spana wasiibiwe. Bado naamini oili, filta na pedi vinafunzika, ukiwa na jeki nzuri na stendi. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Ila kwenye maji, stelingi na taimingi, sina tena ujasiri wa kumshauri mtu mwenye watoto kiti cha nyuma.

Kuhusu swali lenu lenyewe, basi: uzeni. Kama huna fundi anayekumbuka gari lako kuliko wewe, uza mapema, kabla ya hedi. Najua kununua jingine nako si mchezo, kwa sababu gari kuukuu likiingia bandarini linatozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake, na wenzetu Kenya hawaruhusu kabisa kuingiza lililopita miaka 8. Lakini uzeni.

Mimi siuzi. Jumamosi hii tunabadilisha mkanda wa taimingi. Fundi anakuja nyumbani saa tatu, spana ni zangu, na tumekubaliana mimi nitashika tochi.