Kwa nini leza inayopima ardhi hukwama ikifika majini?

SWALI: Tuna data ya leza iliyopimwa kwa ndege kwenye ukanda wa pwani. Nchi kavu imetoka vizuri, lakini kuanzia ufukoni hakuna kitu. Je, tukitumia leza yenye nguvu zaidi tutaiona sakafu ya bahari? Na kama leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960, mbona upimaji wa sakafu ya bahari kwa leza ulichelewa kuenea hadi miaka ya 1990?

JIBU: Ndugu msomaji, shida si nguvu, ni rangi. Leza nyingi za kupimia ardhi kwa ndege hutoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, mara nyingi wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 1064. Maji huumeza mwanga huo upesi mno. Kinachorudi ni kile kilichogonga uso tu, na bahari ikitulia kama kioo, hata hicho huruka upande mwingine. Mwanga unaopenya vizuri maji ya pwani ni wa kijani. Huo hupatikana kwa kupitisha infraredi hiyohiyo kwenye fuwele inayopunguza urefu wa mawimbi yake kwa nusu, ukapata nanomita 532.

Wazo lenyewe halikuchelewa. Hickman na Hogg, watafiti wa Marekani, walilichapisha mwaka 1969. Kazi ilikuwa kwenye kupima muda, maana kina hujulikana kwa muda ambao mwanga huchukua kwenda chini na kurudi. Ndani ya maji mwanga husafiri takriban kilomita 225,000 kwa sekunde, hivyo kila mita moja ya kina huongeza nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 9 tu, kwenda na kurudi. Ukitaka usahihi wa sentimita 15, una nanosekunde moja na kitu ya kukosea. Na ndani ya muda huohuo kipokezi kinapaswa kustahimili mwako mkali kutoka usoni, kisha kitambue mwanga hafifu mno kutoka chini.

Halafu kuna mawimbi. Mwali hupinda unapoingia majini, kwa hiyo usipojua uso wa maji uko wapi, kina chote kinapotoka. Hapa infraredi ikapata kazi yake: hurushwa pamoja na kijani ili kuonyesha uso. Mambo haya ndiyo yaliyowashughulisha wahandisi wa Marekani, Kanada, Australia na Sweden kwa miaka mingi. Jeshi la majini la Australia lilianza kazi rasmi na mfumo wake wa leza, LADS, mwaka 1993. SHOALS wa jeshi la Marekani ukafuata mwaka 1994, ukirusha mipigo 200 ya mwanga kwa sekunde.

Kabla hamjakodi ndege, pimeni uangavu wa maji. Teremsheni kwa kamba kisahani cha Secchi, yaani kisahani cha kupimia uangavu wa maji, mpaka kisionekane. Kikipotelea mita 5, mfumo mzuri wa leza ya kijani utafika mita 10 hadi 15 hivi, yaani mara mbili au tatu. Kwenye maji maangavu sana mifumo mikubwa huvuka mita 50. Kwenye tope la mdomo wa mto hakuna leza itakayowasaidia. Hapo tumieni boti yenye sonari, kifaa kinachopima kina kwa sauti, au subirini msimu ambao mto haujafurika.

Amueni pia mnataka kina gani. Mipigo mirefu yenye nishati kubwa hufika mbali, lakini kwenye maji yasiyofika nusu mita mwangwi wa uso na wa chini huchanganyika. Vifaa vipya vya mipigo mifupi na mwali mwembamba hutenganisha vizuri hapo, ila haviendi chini sana. Kwa pengo lenu la ufukoni, mimi ningeanza na hivyo.