Mradi "hai" ndo mradi gani?

SWALI: Mbukwa mwalimu! Sisi ni kikundi cha vikoba hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, tumeandika andiko tuombe mkopo wa mashine ya kukamua alizeti. Nikaandika "mradi wetu ni hai", afisa kalirudisha anasema hajaelewa. Mbona mbegu hai tunasema na hakuna anayeshangaa? Katibu wa kikundi, Kibaigwa.

JIBU: Mbukwa katibu. Afisa yuko sahihi, ila na yeye angekueleza basi, siyo kurudisha makaratasi tu.

Ukisema mradi hai, watu wanaelewa mradi ambao upo na unaendelea, haujafungwa, kama mtu anavyosema kadi yangu ya bima iko hai, au fulani ni mwanachama hai maana ada kalipa. Sasa nyie mashine yenyewe hamjanunua, uhai unatoka wapi?

Kwenye mbegu ni habari nyingine. Mbegu hai ina uzima ndani hata kama kwa macho imelala tu, na hapo wakulima wengi wanachanganya, maana hai siyo lazima iote leo. Alizeti iliyotoka kuvunwa juzi unaweza ukaifunga kwenye kitambaa kibichi juu ya sahani, siku zinapita haioti, ukasema imekufa kumbe bado iko usingizini, ikae kwanza wiki kadhaa ndo ujaribu tena. Ukihesabu punje 100 zikaota 85, hapo uotaji ni asilimia 85, lakini zile 15 siyo lazima zote ziwe zimekufa, nyingine huenda zimelala tu.

Unachotafuta wewe ni "unatekelezeka", yaani unaweza kufanyika kweli, na "unalipa", yaani utaleta faida. Tena nyie wa Kongwa ndo mngetufundisha, maana Waingereza walileta mradi wa karanga hapo hapo kwenu mwaka 1947, na kuwa hai, ulikuwa hai kwelikweli, matrekta yananguruma, watu kibao wameajiriwa, ila haukutekelezeka: mibuyu na vichaka vinavunja mashine, kiangazi udongo unakuwa kama saruji, mvua zenyewe ndo hizi zetu za kubahatisha, mpaka 1951 serikali yao ikaachana nao, pauni zaidi ya milioni 30 zimeshateketea. Hapo hatujagusa kulipa.

Kwa hiyo andika "mradi unatekelezeka" halafu uonyeshe umeme upo, fundi yupo, na alizeti mtapata wapi msimu ukiisha. Kwenye "unalipa" weka hesabu, gunia linatoa lita ngapi za mafuta, mtauza bei gani, na mashudu msiyasahau kabisa maana wafugaji wanayagombania. Na lile neno "endelevu" ambalo kila andiko linalo, bila hizo hesabu bora uliache, la sivyo atakurudishia tena.