Usiuze Pikipiki Ununue Kompyuta, Tazama Faili Kwanza

Kijana mmoja wa Micheweni kanitumia ujumbe wa sauti. Ana kazi za harusi kwenye hadi-diski, video inagandaganda kila akiicheza kwenye Premiere Pro, programu ya kuhariri video, na sasa anataka kuuza pikipiki apande boti kwenda Unguja kununua kompyuta. "Kaka, mashine imechoka." Nikamjibu: yakhe, pikipiki iache hapo hapo, kwanza niambie kamera yako inarekodi kwa kodeki gani, yaani namna gani ya kubana video. Kimya. Na wengi mnaosoma hapa hamjui pia, ingawa sote tunaota filamu zetu zioneshwe Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar.

Hili lina uchungu wake kwangu. Mwenye studio mmoja wa mjini, nilipompelekea kazi iliyokuwa ikikwama, aliniambia mbele ya wateja wake nirudi Pemba nikachume karafuu, kazi hii ina vyombo vyake. Sijasahau. Kompyuta ile ile aliyoicheka ndiyo iliyomaliza harusi zote za msimu ule, bila kuongezwa hata RAM.

Kilichobadilika ni faili. MP4 na MOV ni makasha tu, kodeki imo ndani. Kamera na simu nyingi hutumia H.264 ya mwaka 2003 au H.265 ya 2013, na zote mbili zilitengenezwa kubana video ienee kwenye kadi na ipite kwenye mtandao. Kukatwakatwa si kazi yake. Zinaweka fremu moja kamili, kisha mlolongo wa fremu zinazoandika mabadiliko peke yake. Mtoto wa chuoni ukimwambia aanze katikati ya sura, hurudi mwanzo ndipo afike unapopataka. Kompyuta nayo hufanya hivyo kila ukirukaruka kwenye taimlaini.

Halafu kuna hili linalowaponza wenye pesa. Kamera mpya nyingi hurekodi biti 10 za 4:2:2, yaani rangi zenye taarifa nyingi zaidi, na kadi za picha za NVIDIA kabla ya RTX 50 za mwaka 2025 hazina chipu ya kufungua rangi za namna hiyo. Mzigo wote unaiangukia CPU, prosesa kuu. Lakini chipu ya picha iliyomo ndani ya prosesa nyingi za Intel tangu kizazi cha 11 hufungua H.265 ya 4:2:2 bila jasho. Kwa hiyo leptopu ya kawaida inaweza kulipita dude la kuchezea gemu lililonunuliwa kwa bei ya ng'ombe watatu. Vijana wenzangu, tamaa ya vyombo inatumaliza. Tunakopa, tunajionesha, na video bado inakwama.

Dawa ni hii: tengeneza proksi, nakala nyepesi ya kukatia. Kwenye Premiere, bonyeza klipu kwa kitufe cha kulia, ingia Proxy, agiza nakala za ProRes Proxy au DNxHR LB, kalale. DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, nayo inayo njia hiyo. Kodeki hizi kila fremu inajitegemea, ndiyo maana CPU inapumua, ila zinakula nafasi: ProRes Proxy ya 1080 kwa fremu 25 ni kama megabiti 38 kwa sekunde, yaani GB 17 hivi kwa saa. Ukimaliza kukata, programu hutoa kazi kutoka faili asilia, kwa hiyo ubora haupungui. Nimelirudia hili kwa vijana mpaka sauti imenikauka: proksi, proksi, proksi.

Upande wa wanawake harusini hauruhusu mwanamume kuingia, na ni sawa kabisa. Dada yangu ndiye anayerekodi kule, kwa simu. Simu haishiki fremu kwa kasi moja, huongeza na kupunguza kadiri ya mwanga, basi taarabu inacheza huku na midomo ya waimbaji iko kule. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, chagua kasi isiyobadilika kwa idadi ile ile ya fremu iliyorekodiwa, ndipo uingize kwenye programu. Kwa iPhone, washa fremu 25 kwenye mipangilio ya kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50, na fremu 25 zikiwa na shata ya 1/50 ya sekunde hazitetemeshi taa za ukumbini.

Kukabidhi sasa. Bibi wa bwana harusi anataka flashi achomeke kwenye TV, hana habari na 4:2:2 yako. Mpe H.264 ya biti 8, rangi za kawaida za 4:2:0, sauti ya AAC. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Saa moja kwa megabiti 8 kwa sekunde ni kama GB 3.6, na ikizidi saa, igawe sehemu mbili. Uijaribu kwenye TV ya nyumbani kwenu kwanza, mpaka mwisho wa faili, si dakika ya mwanzo tu.