Unataka kuandika vichekesho vya runinga? Kaa kwanza na marehemu hawa

Mwezi uliopita nilitia saini mkataba wa msimu wa kwanza wa mchezo wangu wa vichekesho, ule wa ndugu wawili waliorithi duka la leso pale Biashara Street, Mombasa, na hakuna anayekubali kumwachia mwenzake. Tangu habari hiyo itoke simu yangu haitulii. Wengi mmenipongeza, Mungu awalipe. Ila ujumbe ulionikalisha chini niandike ni wa binti mmoja wa Kilifi: "Shikamoo dada. Nilikusikia redioni ukisema walimu wako ni Waingereza waliokufa. Kwa nini uhangaike na wazee wale, na vichekesho vyetu tunavyo kila siku kwenye simu? Mimi pia nataka kuandika."

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome, maana najua mko wengi mnaoandika usiku, mkisubiri siku ambayo majina yenu yatapita mwisho wa kipindi na mama zenu wayaone.

Kwanza jua kwamba sisifii cha mgeni kwa kudharau chetu. Mzee Ojwang amenichekesha hadi nikashika mbavu, na King Majuto alipofariki mwaka 2018 nilifunga mlango nikalia. Kwao nilijifunza sauti, mwendo, na namna Mswahili anavyokasirika. Lakini kukijenga kipindi cha nusu saa, uongo juu ya uongo, mtu akitoka mlango huu mwingine akiingia ule, mpaka dakika ya mwisho yote yafumuke kwa pamoja, hilo nilifundishwa na Waingereza wa miaka ya 1960 hadi 1990. Wengi wao sasa wako makaburini.

Oktoba 2025 ilichukua wawili. Patricia Routledge alifariki tarehe 3 akiwa na miaka 96, na Prunella Scales tarehe 27 akiwa na miaka 93. Routledge ndiye Hyacinth Bucket wa Keeping Up Appearances (1990 hadi 1995), yule mama wa kawaida anayejitia bibi mkubwa, anayewaonea haya ndugu zake wa damu, na ambaye jirani yake akimwona hujificha asije akaimbiwa. Mwanamke huyo aliyeigiza kuimba kwa kuudhi vile alikuwa mwimbaji hodari wa jukwaani, mshindi wa Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani huko New York, mwaka 1968. Ili uimbe vibaya kwa mpango, mahali hasa panapotakiwa, lazima uwe unajua kuimba. Nikiwaona vijana wanaodhani kuchekesha ni kujiachia tu mbele ya kamera, naumia.

Prunella Scales alikuwa Sybil, mke wa Basil katika Fawlty Towers, kichekesho cha mume na mke wanaoendesha hoteli. Alipopewa skripti alimuuliza John Cleese, mmoja wa waandishi na ndiye Basil mwenyewe, swali moja: hawa wawili walioana kwa nini? Cleese hilo hasa ndilo aliloogopa kuulizwa. Scales akajitafutia jibu mwenyewe. Sybil ametoka familia ya chini kidogo, akavutiwa na lafudhi ya Basil akidhani amepata bwana wa maana, na alipoujua ukweli maji yalikuwa yameshamwagika. Hakuna kipindi kinachosimulia hayo, lakini yamo katika kila anavyomtazama mumewe. Wanawe walisema kwamba siku moja kabla ya kufariki, baada ya kuishi miaka mingi na maradhi ya kusahau, alikuwa akiitazama Fawlty Towers.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo: chukua swali la Scales. Ukiandika mume na mke, bosi na karani, ndugu na ndugu, jiulize wanakaa pamoja kwa nini. Ndugu zangu wa duka la leso nimewaandikia kurasa nyingi ambazo kamera haitaziona kamwe: wasia wa baba, deni la mahari, na maneno ambayo mama aliwaambia akiwa kitandani. Mtazamaji hatayasikia. Mwigizaji atayabeba.

Mimi nilikutana na watu hawa nikiwa mtoto. KBC ilituletea Mind Your Language, kile cha darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza London, na saa ya kipindi ikifika watoto wa mtaa tulijaa sebuleni kwa jirani mwenye runinga. Tena ami yangu alikuwa baharia, na kila akirudi alileta kanda za video. Binamu zangu walinyang'anyana za karate, mimi nikabaki na vichekesho, na raha yangu ikawa hiyo. Nilikuwa na daftari. Nasimamisha kanda, naandika nani ameingia, anataka nini, anaficha nini, nani anajua na nani hajui. Kisha narudisha nyuma. Shuleni sikufundishwa uandishi unaokaribia ule.

Miaka ya chuo na ya ofisini naipita, haina cha kumfaa mtu.

Nilipomaliza skripti ya kwanza ya duka la leso niliipeleka kwa prodyuza mmoja Nairobi, simtaji. Alifunua kurasa mbili tatu nikiwa nimekaa mbele yake. Akasema watu wawili kuzozana dukani si kichekesho. Kiko wapi kitambi cha mto? Ziko wapi nguo zilizochanika, yuko wapi mlevi? Halafu akaniuliza kama mume wangu anajua kwamba naandika mambo haya. Nilishuka ngazi zile nikiwa nimeshika ukuta. Ni zamani, na bado nikipita barabara ile nageuza uso.

Kilichoniinua ni maneno yaliyoandikwa ndani ya BBC mwaka 1974. Msomaji wa skripti wa shirika alipopelekewa kipindi cha kwanza cha Fawlty Towers, aliandika kwamba ni mkusanyiko wa mambo yaliyochoka na wahusika wa kila siku, na kwamba haoni kama kitakuwa chochote isipokuwa janga. Kipindi kikarushwa 1975, msimu wa pili ukaja 1979, jumla vipindi 12 tu. Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilikipa nafasi ya kwanza kati ya vipindi 100 bora vya runinga vya nchi ile. Niliyaandika maneno ya msomaji yule kwa kalamu nyekundu nikayabandika juu ya meza yangu. Yapo hadi leo.

Na hapa niseme linalonikera. Fawlty Towers ikitajwa, anatajwa Cleese peke yake. Skripti zote 12 aliziandika pamoja na Connie Booth, aliyekuwa mkewe, ambaye pia ndiye Polly, yule mhudumu mwenye akili kuliko wote hotelini. Ndoa yao ilivunjika, na bado waliketi meza moja wakauandika msimu wa pili. Wasichana mnaonisoma, lishikeni jina la Connie Booth.

Ushauri wa pili: andika upya. Wengi mnanitumia skripti za siku moja mkitaka nizisifu. Siwezi. Andika, iache ilale, irudie, andika tena.

Ronnie Barker, aliyefariki mwaka 2005, alikuwa tayari mwigizaji anayejulikana alipoanza kupeleka vichekesho alivyoviandika kwa jina la Gerald Wiley. Alitaka kazi ipimwe kwa uzito wake, isipokelewe kwa sababu ya uso wake. Wenzake wakawa wanabishana huyu Wiley ni nani, mpaka siku moja mezani, wakila chakula cha jioni, Barker akasimama akajitaja. Niliposoma habari hiyo nilijua la kufanya. Skripti yangu, baada ya kuiandika upya mwanzo hadi mwisho, niliituma stesheni nyingine kwa jina la marehemu babu mzaa mama. Jibu lilikuja haraka: Mzee, tungependa kukutana nawe. Nilipoingia ofisini waliangalia nyuma yangu wakimtafuta mzee. Nikawaambia mzee ni mimi, nikavuta kiti nikakaa. Sikuomba radhi na sitaomba.

Kuna na habari ya John Sullivan, mwandishi wa Only Fools and Horses, kichekesho cha familia ya wachuuzi wa London, aliyefariki 2011. Mtoto wa kusini mwa London, hakuwa na shahada. Aliomba kazi ya kuhamisha mandhari BBC ili awe karibu na wenye uamuzi, na hatimaye akamkabidhi prodyuza skripti yake mkononi. Miaka mingi baadaye, Krismasi ya 1996, kipindi chake kilitazamwa na watu milioni 24.3. Ukitaka kujua uandishi wake ulivyokuwa, tafuta ile sehemu ya mwaka 1989 ambapo Del Boy, aliyejipamba kama tajiri, anaegemea kaunta ya baa bila kujua kibao chake cha kupitia kimeinuliwa. David Jason anaanguka ubavu kama ubao, bila kutanguliza mkono. Sullivan alikuwa amemwona mtu halisi akiponea chupuchupu kuanguka vile. Lakini tazama pia anayesimama kando, Trigger, yaani Roger Lloyd-Pack, ambaye naye alituacha Januari 2014. Trigger anageuka, rafiki yake hayupo, anatazama huku na huku asielewe. Nusu ya kicheko ni yake, na hakusema neno. Nimeirudia sehemu hiyo hadi mume wangu akaniuliza kama naandaa mtihani.

Mwaka 1984 Lennard Pearce, aliyeigiza babu wa familia ile, alifariki wakati msimu unarekodiwa. Sullivan hakutafuta mzee wa kufanana naye. Aliandika mazishi. Taifa likaingia na familia ya Del Boy makaburini, wakalia, na palepale akawapa cha kucheka. Mwandishi anayeweza hilo ameshafika.

Nirudi kwenye lile swali la watu wanakaa pamoja kwa nini, maana kufungwa pamoja ndiyo roho ya jambo lote. Waandishi Ray Galton na Alan Simpson walikutana vijana wakiwa wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Milford, Surrey, wamelazwa miezi na miezi bila pa kwenda. Sishangai kwamba baadaye, mwaka 1962, walituletea Steptoe and Son: baba na mwana wanaookota vitu chakavu kwa mkokoteni wa farasi, mwana akitaka kuondoka kila siku na kila siku akishindwa. Waliwachukua waigizaji wa tamthilia nzito, Wilfrid Brambell na Harry H. Corbett, wala si wachekeshaji. Kuna vipindi vinavyoishia na mwana akiwa karibu kulia, na ulikuwa ukicheka sekunde chache kabla. Kabla ya kuandika neno la kwanza, funga mlango. Mhusika akiweza kuondoka, huna kipindi.

Na jambo la kufanana na hilo: mhusika asijue kwamba anachekesha. Arthur Lowe katika Dad's Army (1968 hadi 1977) alikuwa meneja wa benki anayeongoza kikosi cha wazee wa kulinda mji mdogo wa pwani dhidi ya jeshi la Hitler. Hakutabasamu ili tucheke. Aliamini kwa moyo wote kwamba Uingereza inamtegemea yeye. Jimmy Perry, mmoja wa waandishi wawili, aliwahi kuwa kijana katika kikosi cha namna hiyo wakati wa vita, kwa hiyo aliwapenda watu aliowaandika. Na mzee mpole kuliko wote kikosini, Arnold Ridley, alikuwa amejeruhiwa kweli Somme, Ufaransa, mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wacheni kukonyeza kamera. Hilo nalisema kwa wote.

Mind Your Language, ya mwandishi Vince Powell, ndiyo tuliyoipenda zaidi huku kwetu, nami naipenda bado. Ilianza 1977 na ilisimamishwa 1979 na Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa London Weekend Television, kwa kuona kwamba inawakejeli wageni. Hoja yake ina ukweli, kuna utani mle ambao leo nisingeuandika. Lakini mimi naiona na sura za watu waliopata pale nafasi ambayo runinga ya Uingereza haikuwapa kirahisi: Dino Shafeek, mzaliwa wa Dhaka, aliyefariki 1984, Albert Moses wa Sri Lanka, 2017, Pik-Sen Lim wa Penang, 2025. Sisi tuliokuwa tukipigwa kwa kukosea Kiingereza darasani hatukuwacheka. Tulikuwa upande wao.

Na mwalimu wao, Barry Evans, ndiye anayeniliza. Kipindi kiliuzwa nchi nyingi, uso wake ukajulikana hadi vijiji vya Kenya. Alipokutwa amefariki nyumbani kwake Leicestershire, Februari 1997, akiwa na miaka 53, riziki yake ilikuwa kuendesha teksi. Teksi ni kazi ya halali, sina neno nayo. Lakini mtu aliyechekesha nusu ya dunia hakustahili kusahauliwa akiwa hai.

Kwa hiyo hili la mwisho lisomeni mara mbili. Mchezo wangu wa kwanza, wa redio, ulirudiwa hewani miaka na miaka nisione hata shilingi, kwa sababu karatasi niliyopewa ilikuwa na aya tatu na hakuna aliyenieleza kitu. Safari hii nilikwenda na wakili, na malipo ya marudio yameandikwa kwa tarakimu. Kabla ya kutia saini uliza: kikirudiwa nitalipwa nini, kikiuzwa nje nitalipwa nini, na jina langu litaandikwa wapi. Wakikunja uso waache wakunje, nawe usiondoke hapo bila jibu la maandishi.